Shela ya wapi? Kwa wanaoanza kuandaa madai ya wagonjwa wa nje

Ukipanda tuktuk sokoni Malindi ukasema unakwenda Shela, dereva atakupeleka upande wa bahari, kwenye mnara wa Vasco da Gama. Ukilitaja jina hilo hilo gatini Lamu, utapandishwa mashua. Kila nimpokeapo kijana anayekuja kujifunza kazi hii ya kuandaa, tukiwa hapa Malindi, madai ya bima ya kliniki za Marekani, huanza na Shela hizo mbili. Kosa la kwanza la wengi si la ugonjwa wala la tiba, bali ni la tarakimu mbili za mahali pa huduma, zinazojazwa kwenye kisanduku cha 24B katika CMS-1500, fomu ya madai ya daktari.

Namba 11 ni ofisi ya daktari. Namba 22 ni idara ya wagonjwa wa nje iliyo katika eneo la hospitali, na 19 ni idara ya hospitali iliyo nje ya eneo hilo. Kabla ya mwaka 2016 namba 19 haikuwa ikitumika, kwa hiyo msiziamini orodha za zamani mtakazorithi. Wala msidanganywe na bango la mlangoni: ulizeni jengo limesajiliwa vipi, kwani kinachoonekana kuwa kliniki ya kawaida huenda kikawa idara ya hospitali.

Hapo ndipo fedha zinapotofautiana. Kwa huduma nyingi Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee, humlipa daktari zaidi akiwa katika 11, maana chumba, vifaa na wauguzi huhesabiwa kuwa gharama zake. Katika 19 na 22 hulipwa pungufu, kwa kuwa hospitali hudai sehemu yake kwa fomu nyingine.

Niliwahi kumwandalia madai daktari aliyekuwa ofisini kwake siku zote isipokuwa Alhamisi, alipokwenda kuwaona wagonjwa katika idara ya hospitali. Kwa miezi miwili nilinakili 11 tu. Hakuna dai lililokataliwa, na kulipwa huko ndiko kulikonilewesha. Malipo ya ziada ya Medicare yakishatambuliwa sheria inataka yarudishwe, na muda wake ni siku 60. Basi nilikesha, mchana wao ukiwa usiku wetu, nikifungua Alhamisi moja baada ya nyingine.

Tangu siku hizo husoma kwanza kumbukumbu ya miadi, kisha jina la daktari. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini, hata akipelekwa kuonwa ofisini kwa daktari, kwa Medicare hubaki 21, namba ya hospitali ya kulaza. Aliyeonwa kwa video akiwa nyumbani kwake ni 10. Akiwa kwingineko ni 02, na hili msilikisie, kwa sababu wapo wanaozungumza na daktari wakiwa ndani ya gari. Maelezo yakinyamaza, huandika swali kwa kliniki, na dai hulala mpaka nijibiwe.