Kiti mwendo cha kusafiri na mzee: pima mwili, pima buti, ndipo uende dukani

Mkuu, pole kwa kuuguza, na hongera kwa kutaka mzee atoke nje. Umesema baba ana miaka 81, magoti yamechoka, anasimama na kupiga hatua chache akishikwa mkono, na unatafuta kiti cha kumpeleka kanisani, kliniki, na Desemba mwende naye nyumbani Kilimanjaro. Muuzaji anakusukumia kile kikubwa cha chuma kwa kuwa ni imara. Mimi niliufuata ushauri huohuo nilipomnunulia mama, na baada ya miezi minne nikanunua kingine. Nakuandikia kwa kirefu ili wewe usilipe mara mbili.

Kile cha kwanza kilikuwa kama vile vya wodini: fremu ya chuma, pa kukalia inchi 18, uzito karibu kilo 20. Dukani kilo 20 unaziona si kitu. Sasa hesabu Jumapili moja: unakitoa ndani, unakipakia kwenye buti, unakishusha kanisani, unakipakia tena, unakishusha nyumbani. Siku za kazi anayeshinda na mama ni dada yangu, naye hakuweza kukinyanyua peke yake. Wiki zikawa zinapita mama hajatoka. Na wazee wetu unawajua, hawalalamiki. Mama hakuwahi kusema kiti ni kizito au kinamuumiza. Alisema tu, "Leo sijisikii, nendeni nyie." Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa anatuonea huruma sisi, na bado inaniuma.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize nani atakinyanyua. Mpeleke mtu huyo dukani, akikunje, akiingize kwenye buti la gari au bajaji mnayoitumia, akitoe. Akishindwa hapo, na nyumbani atashindwa.

Utaonyeshwa aina mbili za viti vyepesi vya aluminiamu. Kimoja kina magurudumu madogo mbele na nyuma, ni cha kusukumwa tu, kilo 8 hadi 10. Ni kizuri kwenye sakafu ya hospitali na uwanja wa ndege, lakini kwenye mchanga na kokoto za mitaani kwetu kinakwama kila baada ya hatua tatu. Cha pili kina magurudumu makubwa ya nyuma ya inchi 24, kilo 12 hadi 14, na baadhi yake magurudumu hayo yanachomoka kwa kubonyeza kitufe katikati. Mimi nilichukua hicho. Ukichomoa magurudumu, fremu inabaki nyepesi na dada anaipakia mwenyewe. Tazama na vigurudumu vya mbele: vya inchi 8 vinapita mahali ambapo vya inchi 5 vinazama. Mkifika kwenye mchanga usisukume kwa nguvu, mzee atatupwa mbele. Geuza kiti, mvute kinyumenyume.

Vipimo sasa, na hapa naomba usiwe na haraka. Mkalishe baba kwenye kiti kigumu akiwa na nguo na viatu vyake vya kawaida. Pima upana wa nyonga zake. Pa kukalia pawe na nafasi ya kiganja kuingia kwa ubapa kila upande, basi. Mama ni mwembamba, ile inchi 18 ilimfanya aegemee ubavu mmoja saa zote, na jioni mgongo unamsumbua. Halafu pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 5. Kiti kikiwa kirefu kuliko hapo kinamkata nyuma ya magoti, naye ataserereka mbele ili apate nafuu. Mwisho pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Vikanyagio vikiwa chini mno miguu inaning'inia. Vikiwa juu mno magoti yanapanda na uzito wote unaangukia kwenye makalio.

Ukimaliza mwili, pima milango. Kiti chenye pa kukalia inchi 18 na magurudumu makubwa kina upana wa karibu sentimita 65 kwa nje, na milango mingi ya vyoo vyetu ni sentimita 70 kabla hujatoa bawaba na unene wa ubao. Pima mlango ukiwa wazi.

Usikubali kiti ambacho mikono yake haiinuki au haichomoki. Mkono ukiinuka, mzee anateleza kutoka kwenye kiti hadi siti ya gari bila kubebwa mzobemzobe. Vikanyagio navyo vigeuke pembeni. Mama aliwahi kukanyaga vikanyagio akitaka kusimama amsalimie mchungaji, kiti kikapinduka mbele, kijana mmoja wa kwaya ndiye aliyemdaka. Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni mmoja: breki pande zote mbili, vikanyagio pembeni, nyayo chini, ndipo anyanyuke.

Tairi za nyuma nilichagua za upepo. Zinapunguza mtikisiko, na zikipata pancha fundi baiskeli yeyote anaziba. Ila kumbuka breki ya viti hivi inabana tairi lenyewe, kwa hiyo upepo ukipungua breki haishiki. Ibonyeze tairi kila mnapotoka.

Mto wa kukalia ni lazima. Kile kitambaa kilichotandazwa kati ya vyuma kinabonyea, na mzee akikaa saa nyingi anapata vidonda vya mgandamizo ambavyo kupona kwake ni kazi. Nunua sponji ngumu ya sentimita 5 hadi 8, uishonee foronya. Ukishaweka mto mzee amepanda juu, kwa hiyo rekebisha vikanyagio upya. Na kila nusu saa mwinue kidogo au aegemee upande huu na ule. Kama baba ana kisukari, chunguza ngozi yake kila jioni.

Safari ya Desemba. Kwa basi, kata siti za mbele, fika mapema kabla watu hawajasongamana mlangoni, na mwambie konda mwanzo kwamba kiti kiingie mwisho kwenye buti ili kitoke cha kwanza. Shida kubwa si kupanda basi, ni choo cha njiani, kwa sababu vingi ni vya kuchuchumaa na magoti ya mzee hayaruhusu. Wazee wanaikwepa shida hiyo kwa kutokunywa maji siku nzima, na hilo ni hatari. Mimi nilinunua kiti cha plastiki kisicho na mikono, fundi akakitoboa katikati na kulainisha kingo, nasafiri nacho pamoja na khanga mbili za kusitiri. Mama sasa anakunywa maji yake bila hofu.

Mkienda kwa ndege, omba huduma ya kiti saa 48 kabla, na uulize wameandika herufi gani. WCHR ni mtu anayeweza ngazi ila hawezi mwendo mrefu. WCHS hawezi ngazi. WCHC ni wa kubebwa hadi siti yake. Mimi nilisema tu "anahitaji kiti", wakaandika WCHR, tukafika uwanja ambao ndege inashukwa kwa ngazi na mama akabebwa mikononi mbele ya abiria wote. Baba yako wa hatua chache mwandikishe WCHS. Mto na vikanyagio vichomoe uingie navyo ndani ya ndege, visipotee.

Kule migombani miteremko ni mikali. Kushuka, wewe tangulia chini na kiti kikufuate kinyumenyume, taratibu.

Kama baba aliwahi kupata kiharusi au mwili unapinda upande, usinunue kwa kukisia. Hospitali za CCBRT hapa Dar na KCMC pale Moshi kuna wataalamu wa kumpima na kumkalisha vizuri.

Jambo moja zaidi. Mkifika harusini watu watakuuliza wewe, "Mzee anakunywa nini?" wakati yeye yupo pale anasikia. Usimjibie. Zunguka mbele, chuchumaa macho yenu yalingane, umuulize yeye.

Ukishapima, weka hapa upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu na aina ya gari mnalotumia. Nitakwambia ukubwa gani utafute, na kama buti litakubali bila kuchomoa magurudumu.