Makato yamekatwa, kadi haisomi

SWALI: Ndugu mhariri, nabangua korosho kiwandani hapa Mtwara kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara wangu ni shilingi 300,000 na kila mwezi slipu inaonyesha makato ya 9,000 ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu hospitali, dirisha la bima wakasema kadi haisomi. Nililipa taslimu. Mdogo wake naye hajaingizwa mpaka leo. Nianzie wapi?
Mama wa watoto watatu, Chikongola

JIBU: Pole sana, mama. Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara: 3 zako, 3 za mwajiri. Ukikatwa 9,000, mwajiri anaongeza 9,000 yake, na Mfuko unapaswa kupokea 18,000 kila mwezi. Slipu inathibitisha kwamba fedha imetoka kwako tu. Kama imefika, haisemi. Mara nyingi tatizo huwa hapo: makato yanakatwa, kisha yanabaki kwenye akaunti ya mwajiri yakiziba mapengo mengine. Mchango usipofika, kadi inafungwa, na anayerudishwa dirishani ni mtoto mwenye homa.

Mhudumu wa dirishani hana la kukusaidia, kwa hiyo usigombane naye. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa na kadi, kitambulisho cha NIDA na slipu za miezi mitatu ya mwisho, uulize mchango wa mwisho wa mwajiri wako ulipokelewa wa mwezi gani. Ukishaujua, mwandikie mwajiri barua ukitaja miezi inayodaiwa na kiasi ulicholipa hospitali, uambatishe risiti. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ahadi ya mdomo haitakusaidia baadaye. Waulize na wenzako mnaokaa meza moja, maana kadi yako ikifungwa kwa sababu hii, zao huenda zimefungwa pia, na barua ya watu ishirini haiwekwi kabatini kirahisi.

Asipolipa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu namba 1. Kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi, muda ni siku 60 tangu ulipotokea. Wengi wanaumia hapa: wanaambiwa "mwisho wa mwezi", kisha "mwisho wa msimu", siku zinakwisha.

Kuhusu mdogo wake, kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kizazi ulilopewa wodini si cheti. Kama hajafika miaka mitano, ulizia ofisi ya mtendaji wa kata au kituo cha afya. Kagua majina herufi kwa herufi kabla ya kuondoka: "Hamisi" kwenye cheti na "Hamis" kwenye NIDA, kwa kompyuta, ni watu wawili. Mchango wako unambeba mwenza na wategemezi wasiozidi wanne.

Hukuuliza hili, ila kwa kazi yako ni lazima tuliseme. Mafuta ya ganda la korosho yakikuunguza mikono, hayo ni maumivu ya kazini, na yana mfuko wake, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi). Mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia, kwa hiyo ukiona makato ya WCF kwenye slipu yako, yakatae. Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyohiyo na hakikisha imeandikwa, kwa kuwa mwajiri ana siku saba za kutoa taarifa.

SWALI: Tuko wanne kwenye duka la jumla Lindi mjini. Bosi anasema bima ni ya watumishi wa serikali. Ni kweli?
Msomaji, Lindi

JIBU: Si kweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamgusa na mwajiri wa sekta binafsi: amsajili mwajiriwa wake na achangie angalau nusu. Mtakapokwama ni kwenye mkataba. Asiye na maandishi huitwa kibarua siku anapodai. Ombeni mkataba wa maandishi kwanza, wote wanne kwa pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awape maelezo ya ajira yenu kwa maandishi.