Paa la trullo limekuwa bapa: kivuli nikitoe wapi?

SWALI: Natengeneza picha ya njumu, yaani ya vipande vya mbao vilivyopachikwa pamoja, ya trulli (moja huitwa trullo), zile nyumba za Alberobello, Italia, kwa vinia, ubao mwembamba sana, ya milimita 0.6. Paa lenye umbo la pia linaonekana bapa kama karatasi. Nilipaka rangi ya mbao ya kahawia upande wa kivuli, ikasambaa mpaka kwenye kuta nyeupe. Nifanyeje?

JIBU: Fundi, weka brashi kando. Kivuli cha njumu huunguzwa, hakipakwi. Osha mchanga laini, uukaushe, uumwage kwenye kikaango kina cha vidole viwili, kisha ubandike kwenye moto wa wastani. Shika kipande kwa kibano, kichomeke ukingo wake mchangani sekunde chache, kitoe ukitazame. Joto ni kali zaidi chini, kwa hiyo rangi hukolea ukingoni na kufifia yenyewe kuelekea juu. Jaribu kwanza kwenye mabaki. Ukingo ukiwa mweusi na kumung'unyika, umeshakuwa mkaa na gundi haitaushika. Ikolee kidogo kupita unavyotaka, maana msasa utaipunguza. Moto hukausha kipande kikasinyaa; kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kukipachika.

Sasa paa lenyewe. Nadhani umelikata kipande kimoja, na hapo ndipo tatizo lilipo. Paa la trullo ni vibapa vya mawe ya chokaa vilivyopangwa bila udongo wala saruji, safu juu ya safu, kila safu ikizunguka na kupungua hadi kileleni. Kata mikanda iliyopinda, sita au saba yatosha. Kila mkanda uunguze ukingo wa juu, ule unaokaa chini ya mdomo wa safu inayofuata, kisha uunguze zaidi ncha iliyo mbali na jua. Vivuli hivyo viwili vikikutana, paa huviringana mbele ya macho yako.

Kijivu cha mawe: kabla ya kukata, loweka vinia nyeupe kwenye chai ya rangi iliyokolea sana, halafu kwenye siki iliyolazwa na nyuzi za chuma. Kuta usiziguse, weupe wa chokaa ndio unaozipa nyumba zile uzuri wake.

Na kama mlango ni wa mpingo, usipige msasa karibu na ukuta. Vumbi jeusi huingia kwenye vitundu vya mbao nyeupe na halitoki tena. Kwangua kwa bapa la chuma, ukitoka kwenye weupe kwenda kwenye weusi.