Mwanangu ndiye mkalimani wangu

SWALI

Asalaam alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Mwaka jana nilimfuata mume wangu Leicester, Uingereza, pamoja na wanetu wawili wa kiume. Mkubwa ana miaka minane, mdogo minne na nusu. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Akirudi asubuhi watoto ndio wanatoka kwenda skuli, kwa hiyo mambo yote ya mchana ni yangu, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji.

Mkubwa amekishika Kiingereza upesi mno. Ndiye anayenifasiria kila mahali: dukani, kwa daktari, hata mwenye nyumba akipiga simu. Mwanzo nilijivunia. Sasa naona kichwa kinamvimba. Nikimkataza jambo ananambia, "Mama, wewe hujui mambo ya huku." Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita. Mwalimu akasema maneno mengi kwa uso mkavu, mwanangu akanigeukia: "Anasema mimi hodari." Siku ya pili mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Mombasa, ambaye mtoto wake yuko darasa moja na wangu, akanieleza kuwa niliitwa kwa sababu mwanangu kampiga mwenzake.

Mdogo ni kinyume. Ameanza skuli Septemba hii. Nyumbani ni kasuku, skuli hasemi neno. Wakiwa pamoja mkubwa humsemesha Kiingereza, mwenziwe akijibu Kiswahili anachekwa, kisha ni ngumi.

Mama mkwe anasema niwarejeshe Wete awalee yeye, wapate adabu na chuo cha Kurani, wakikua ndipo warudi. Mume anakubali, angalau kwa mkubwa. Mimi usiku silali. Nifanyeje?

Na samahani kwa swali la jikoni: vitumbua vyangu huku haviumuki, vinakuwa vigumu kama kokoto. Natumia unga wa mchele wa paketi.

Mama wa Wawili, Leicester

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili barazani, na hapo pa "anasema mimi hodari" nilicheka mpaka jirani akauliza kulikoni. Usinione mbaya. Mtoto huyo ana akili, ila kazi uliyompa si yake.

Nianze na hilo la kumrejesha mkubwa, kwa sababu ndilo linaloniuma. Nimekaa Portsmouth miaka kumi na mbili na wanangu wawili wa kiume, wakati huo wakiwa na umri kama wa wako. Mwaka 1998 nilichoka, nikamleta mkubwa Unguja kwa mama yangu, mdogo nikabaki naye. Kila mtu aliniambia nimefanya la maana. Na mama alimlea vizuri, sura alizihifadhi, adabu alirudi nayo, hilo siwezi kulikana. Aliporudi zilikuwa zimebaki wiki tatu itimie miaka miwili. Hapo pia jihadhari: mwenye kibali cha kudumu cha Uingereza akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, kibali hicho kinakufa. Kama chenu ni cha muda masharti yake ni mengine, basi msikate tiketi kabla ya kumuuliza anayeijua sheria.

Lakini kibali si kitu mbele ya niliyoyaona chumbani mwao. Mkubwa anasema Kiswahili, mdogo anamjibu Kiingereza, kila mmoja anamwona mwenziwe mgeni aliyemwingilia. Juma la pili nikakuta wamebandika ukanda wa gundi, ule wa kufungia maboksi, kutoka dirishani mpaka ukuta wa pili, katikati ya vitanda. Hita ilikuwa upande wa mdogo, mlango upande wa mkubwa. Basi mmoja akawa analala na koti, na mwengine anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ukanda niliubandua, alama yake ikabaki kwenye zulia mpaka tulipohama nyumba ile. Leo ni watu wazima na wanapendana, lakini wanapendana kama watoto wa ami, wa kuulizana hali siku ya sikukuu. Kosa hilo ni langu. Wako usiwatenganishe. Ama wote wawili wabaki, ama wote warudi na wewe uwe nao.

Sasa ukalimani. Mtoto wa miaka minane akiyashika mazungumzo yako na daktari, na mwenye nyumba, na mwalimu, keshakuwa bwana wa nyumba, na bwana wa nyumba hakubali kuambiwa kalale. Watu watakwambia kiburi hicho ni cha Kizungu. Mimi nakwambia ni cha cheo, na cheo umempa wewe. Mvue taratibu. Unapochukua miadi kwa daktari, taja kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili. NHS, hiyo huduma yao ya afya, humtoa bila malipo, mara nyingi kwa simu iliyowekwa mezani, na miongozo yao wenyewe inasema watoto wasitumiwe kufasiri. Yako mambo mwanamke humwambia daktari ambayo mtoto wake wa kiume hapaswi kuyasikia, sembuse kuyatafutia maneno. Skuli nayo waombe vivyo hivyo. Wakikosa mtu, si yupo huyo mama wa Kisomali? Mpelekee sahani ya kitu, umwombe afuatane nawe. Kisha rudini kwa mwalimu mkasikie kesi yenyewe, na kijana akae pale pale kwenye kiti, asifasiri chochote. Mkifika nyumbani umuulize kwa nini alimpiga mwenzake, na umsikilize. Pengine ana jibu.

Wewe mwenyewe tafuta darasa la Kiingereza la watu wazima. Vyuo vya mjini huwa nayo, ada hutegemea aina ya kibali, na yale ya asubuhi yatakufaa maana baba kalala na watoto wako skuli. Mimi mazoezi yangu niliyafanyia meza moja na wanangu. Mkubwa alikuwa akinisahihisha tahajia, nami nikimwachia. Mtoto kumsahihisha mama herufi ni kitu kimoja, kumsemea mbele ya watu ni kitu kingine.

Mdogo hanipi hofu kubwa. Mtoto akitiwa ghafla katika lugha asiyoijua mara nyingi hunyamaza kwa miezi, anasikiliza tu. Wangu alinyamaza muhula mzima, siku aliyofungua mdomo alikuwa anamshitaki mtu. La kufanya sasa: mrekodi kwa simu akisimulia vituko vyake kwa Kiswahili, mpelekee mwalimu asikie kwamba huyu si bubu. Ikipita miezi, tuseme mpaka mapumziko ya Pasaka, na skuli bado hasemi hata kwa wenziwe, waambie unataka aonwe na mtaalamu wa usemi. Na akianza kunyamaza nyumbani pia, au kupoteza maneno aliyokuwa akiyajua, usingoje Pasaka, mpeleke kwa daktari. Lakini atakayekwambia uache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, mwitikie kwa adabu kisha usimfuate. Mimi nilimfuata miezi sita. Nikawa namsemesha mtoto Kiingereza changu kibovu, akayachukua makosa yangu yote akenda nayo skuli.

Hiyo lugha baina yao wawili usiitungie sheria, utashindwa. Na hapa ndipo mama mkwe wako anapoingia, kwa hiyo usigombane naye, mpe kazi. Majira ya baridi Wete iko saa tatu mbele yenu. Leicester ikiwa saa kumi jioni, watoto wamesharudi skuli, Wete ni saa moja usiku, naye yuko kwenye msala baina ya Magharibi na Isha. Kila siku saa hiyo awatumie kitendawili kimoja kwa sauti kwenye WhatsApp, jibu lake kesho. Sharti la mkubwa: amweleze mdogo maana kwa Kiswahili mpaka aelewe. Awasikilizishe na sura zao pia. Bibi akijua wajukuu wanamngoja kila jioni, hilo la tiketi litapoa lenyewe.

Jambo moja hukuniuliza. Sisi tumelelewa kwa "Magharibi mtoto ndani", na huko kanuni hiyo itakuchekesha. Desemba jua la Leicester huzama kabla ya saa kumi jioni, Juni huzama saa tatu na nusu usiku. Ukifuata jua, baridi utawafungia wavulana wawili ghorofani kuanzia wanapotoka skuli, na hapo watapigana hata wangekuwa malaika. Fuata saa ya ukutani, na kwa Juni nunua pazia nzito. Wangu nikiwapeleka pwani ya Southsea, hapo Portsmouth, hata Januari, upepo unakata masikio, kokoto tupu wala si mchanga. Wakirudi hawana nguvu ya kurushiana ngumi. Nyinyi hamna bahari, lakini bustani mnazo. Wavishe, watoke.

Na vitumbua. Unga wa paketi uache. Nenda Belgrave Road hapo hapo Leicester, maduka ya Wahindi. Wengi wao familia zao zilitoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na usishangae mzee wa duka akikujibu kwa Kiswahili. Mimi ilinitokea nilipokwenda kwa harusi. Huko mkubwa mchukue makusudi, abebe mfuko, amsikilize mama yake akipatana bei mwenyewe. Nunua mchele, uroweke usiku kucha, uuchuje, uusage kwenye blenda na tui la kopo, hamira, sukari na iliki, mpaka ukiupapasa kwa vidole usihisi chenga. Hamira kwa baridi ya huko haiamki ovyo, kwa hiyo funika bakuli uliweke karibu na hita, ungoje mpaka uone mapovu juu, hata ikiwa ni saa mbili. Chuma cha vitumbua mwombe mama mkwe akutafutie Wete na ampe mtu anayesafiri. Ni kizito, atalalamika, na atakituma.