Draya haikaushi? Anzia kwenye hewa, si kwenye hita

Kijana unayeingia kwenye ufundi huu hapa Mwanza, mashine za kukaushia nguo utazikuta kwenye nyumba chache za Capri Point na Isamilo, kwenye hoteli, na kwa madobi wanaopokea mizigo mikubwa. Wengine wote tunaanika kambani, na jua likiwepo hatujakosea. Mvua za masika zikishika ndipo simu zinapoanza, na malalamiko ni yale yale: "Fundi, haikaushi."

Usikimbilie hita. Chomoa plagi, kisha fuata njia ya hewa kuanzia chujio la mlangoni hadi tundu la nje ukutani. Draya hupitisha hewa ya moto katikati ya nguo na kuutoa nje unyevu. Manyoya ya nguo yakiziba njia, joto hurundikana ndani, na fyuzi ya joto hukata ili nyumba isiungue. Ikishakata hairudi, ni ya kubadilisha. Lakini ukiweka mpya bila kusafisha njia, nayo itakata, na utakuta mteja amenuna. Wapo pia wanaounga waya na kuiruka fyuzi kabisa. Huyo namwita mchoma nyumba anayelipwa.

Huku ziwani tuna tatizo letu. Wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi huwafanya watu wafunge wavu kwenye tundu la kutolea hewa. Wadudu hawaingii, kweli, lakini manyoya nayo hayatoki. Yananasa kwenye wavu hadi tundu linaziba. Uondoe, uweke kifuniko cha mapezi kinachofunguka hewa inapotoka na kujifunga mashine inapozima. Bomba la plastiki lenye mikunjo litoe pia. Weka la alumini, fupi, lisilo na kona nyingi.

Hewa ikishapita vizuri, shika mita, uiweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Fyuzi nzima husoma karibu na sifuri. Hita ya wati 2,500 kwa volti 230 itakupa takribani omu 21; mita isiposoma kitu, hita imekatika. Pima pia kati ya hita na bodi ya mashine, yaani bati lake. Hapo pasiwe na mawasiliano kabisa.

Vyote vikiwa vizima na mama mwenye nyumba bado anasema nguo hazikauki, hasa jioni, pima umeme kwenye soketi draya ikiwa inafanya kazi. Ukipima ikiwa imezimwa utadanganyika. Volti zikishuka hadi 180, hita hiyo ya wati 2,500 inabaki na kama 1,500 tu. Kwenye mashine hakuna cha kutengeneza. Mshauri akaushe asubuhi, umeme ukiwa na nguvu.

Dramu isipozunguka na mota inasikika, izungushe kwa mkono: ikiwa nyepesi mno, mkanda umekatika. Mota ikiguna bila kuondoka, shuku kapasita, kile kifaa kinachotunza chaji na kuisaidia mota kuanza, na itoe chaji kabla hujaigusa. Mlio wa kukwaruza mara nyingi ni vile vigurudumu vinavyobeba dramu. Haiwaki kabisa? Anza na swichi ya mlango, ni bei rahisi na huchoka mapema. Kingo za bati la ndani hukata kama wembe, kwa hiyo vaa glavu.

Kuna nyingine utaletewa, zilizotumika Marekani. Kwa nyingi za umeme, hita hutumia volti 240 lakini mota na taimu ni za volti 120, tena kwa hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Ukiiunga kwenye volti zetu 230 bila kujua, mota inaungua siku hiyo hiyo. Transfoma itashusha volti, ila haibadilishi hezi. Kwa hezi 50 zetu mota huzunguka polepole na kupata moto zaidi. Mimi huzikataa. Mwenye nayo akikusihi sana, mtajie kwanza bei ya transfoma, na umwambie wazi kwamba mota huipi garantii.