Doa Moja, Sehemu Mbili: Kwa Mnaoanza Kutandaza Data ya MRI Juu ya Gamba la Ubongo

Picha ya kwanza niliyoitoa kwa mkono wangu niliipenda hadi nikaiweka kwenye skrini ya simu. Ubongo umevimbishwa kama puto, mifereji yote imefunguka, na juu yake kuna mabaka mekundu ya watu waliosikilizishwa sauti wakiwa wamelala ndani ya mashine. Baka moja lilikaa nilipolitarajia, upande wa sikio. La pili lilikuwa juu yake, kwenye eneo linalopokea mguso. Nikaandika aya nzima kueleza jinsi sauti inavyoamsha hisia za ngozi. Msimamizi wangu aliisoma, akavua miwani, akasema, "Hebu fungua ujazo."

Tukafungua ujazo, yaani data yenyewe ya pande tatu, ile ya vipande vya kijivu kabla haijatandazwa juu ya umbo la gamba. Doa lilikuwa moja tu. Lilikaa kwenye mfereji wa Sylvius, ambao ukuta wake wa chini ndio wa kusikia na wa juu una eneo la mguso. Kuta hizo zimekaribiana mno. Mimi nilikuwa na vokseli (vijimchemraba vinavyounda picha) za milimita 3, kisha nikazilainisha, yaani nikachanganya thamani ya kila moja na za jirani zake, kwa milimita 8 zikiwa bado kwenye ujazo. Rangi ya ukuta mmoja ilivuka ikapaka wa pili, na programu, bila kosa lolote, ikanionyesha mabaka mawili.

Chukua kanga, ikunje mara kadhaa, idondoshee tone la mafuta ya nazi, halafu ikunjue. Utakuta madoa kwenye pindo na kwenye mji, na asiyeona ulivyoikunja ataapa kwamba mafuta yalimwagika mara tatu. Takriban theluthi mbili za gamba la ubongo, tabaka lake la nje, zimejificha ndani ya mikunjo, na unene wake ni kama milimita 2.5 kwa wastani. Kwa hiyo vokseli moja ya milimita 3 inaweza kubeba mada ya kijivu (tishu ya gamba lenyewe) ya kuta mbili pamoja na maji yaliyo katikati yake. Kama ni lazima kulainisha, tandaza kwanza, kisha lainisha juu ya gamba, ambako umbali unapimwa kwa kufuata mikunjo. Hata hivyo vokseli iliyokwisha kuchanganya kuta mbili tangu kwenye skana haitenganishwi na ulainishaji wa aina yoyote.

Kabla ya hayo yote kuna kulandanisha, yaani kuzipanga picha mbili za mtu mmoja zikae sawasawa, na hapa ndipo ninapowaona wageni wengi wakipita mbio. Gamba linachorwa kutoka picha ya T1 (ile inayoonyesha umbo la ubongo), data ya fMRI (ile inayoonyesha ubongo ukifanya kazi) inatoka kwenye picha nyingine iliyopindapinda, hasa karibu na matundu ya hewa ya paji la uso na masikio. Ukikosea kwa milimita 2 tu, karibu unene wote wa gamba umekuponyoka, unapima mada nyeupe iliyo chini ya gamba, au maji. Kwa watumiaji wa FreeSurfer, programu ya kuchora gamba, amri yake ya kulandanisha, bbregister, inafanya kazi nzuri, ila usiiamini kwa macho yaliyofumba. Fungua picha ya fMRI, weka juu yake mstari wa mada nyeupe kwa manjano na wa gamba la nje kwa nyekundu, pitia kipande kwa kipande. Kwa mtu mmoja inanichukua dakika tano. Mwenye watu 60 atalalamika, namwelewa, nami nililalamika.

Halafu soma chaguo-msingi. Amri ya mri_vol2surf ya FreeSurfer, inayohamisha thamani kutoka kwenye ujazo hadi kwenye gamba, usipoiambia kitu huchukua thamani palepale kwenye mpaka wa mada nyeupe, si katikati ya gamba. Mimi huweka --projfrac 0.5, yaani nusu ya unene wa gamba, au --projfrac-avg nikitaka wastani wa kina kadhaa. Wanaotumia Connectome Workbench, programu nyingine ya kazi hii, wanayo njia ya -ribbon-constrained, inayopima vokseli kwa kadiri zilivyo kati ya nyuso mbili za gamba. Kwa data ya fMRI ndiyo ninayoipenda zaidi. Lakini ikiwa unachotandaza ni lebo za atlasi, yaani namba zinazotaja maeneo ya ubongo, achana na wastani kabisa. Eneo namba 10 likipakana na namba 20, wastani utakuletea namba 15, eneo ambalo huenda liko upande wa pili wa ubongo. Chukua vokseli iliyo karibu zaidi, basi.

Kuna desturi ya kuchukua ramani ya kundi zima iliyokwisha wastaniwa kwenye MNI152 (ubongo wa kiolezo ulio kwenye ujazo) na kuibandika juu ya fsaverage (gamba la kiolezo la FreeSurfer). Kwa picha ya slaidi sina ugomvi nayo. Kwa kupima, hapana. Mikunjo ya watu haifanani, na ukishaipiga wastani kwenye ujazo umeshaifuta. Isitoshe, fsaverage, iliyotengenezwa kutokana na watu 40, imekaa kwenye nafasi ya kiolezo kingine, MNI305, si MNI152. Mtandaze kila mtu kwenye gamba lake mwenyewe, ndipo umpeleke fsaverage, yenye nukta 163,842 kila upande.

Na usishangae rangi zikitokea kwenye ukuta wa katikati, pale pande mbili za ubongo zinapoungana. Pale hakuna gamba, ondoa. Thalamasi nayo, iliyo ndani kabisa ya ubongo, haina mahali juu ya gamba. Kama swali lako linaihusu, ibaki kwenye ujazo.

Siku hizi, kabla ya kugusa data halisi, natengeneza ujazo wa sifuri tupu wenye vipimo vilevile, naweka 1 kwenye vokseli moja ndani ya mfereji wa Sylvius, nautandaza kwa amri zilezile nitakazotumia, bila kulainisha. Fanya hivyo leo jioni kwa mtu wako wa kwanza. Hesabu mabaka yatakayotokea, kisha rudia ukiwa umelainisha kwa milimita 8.