Marafiki wa simuni wakushike mkono, ila dozi maliza

Pole sana, dada wa Mbagala. Umeuliza kama ni ujinga kuwategemea marafiki wa WhatsApp ambao hamjawahi kuonana, wakati unatibiwa TB na majirani wamekukimbia. Si ujinga hata kidogo. Mtu anayekutumia ujumbe wa sauti kila alfajiri, "Umeshakunywa dawa?", anakufanyia jambo ambalo ndugu wengi wa damu hawalifanyi. Mshike huyo.

Ila yule anayekwambia uache vidonge kwa kuwa umeanza kunenepa, ili akuuzie mizizi yake, usimsikilize kabisa. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Kikohozi hukata mapema huku vijidudu bado vimo. Ukiacha katikati vinaweza kurudi vikiwa sugu, na tiba yake ni ngumu zaidi. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, ni rifampisini hiyo, mojawapo ya dawa zako za TB. Lakini macho yakiwa ya manjano au ukitapika mfululizo, usiulize kundi. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Na dawa za TB hospitali za serikali ni bure, hivyo anayekuomba hela ya dawa mtilie shaka.

Kuhusu majirani, wagonjwa wengi hawaambukizi tena baada ya wiki kama mbili za dawa. Nesi wako akikuthibitishia, waambie. Na kama kati ya hao marafiki yupo wa Temeke au Kigamboni, mwombe aje akufulie mashuka, akukorogee uji. Nguvu bado hazijarudi, mdogo wangu. Omba tu.